Usiku wa Kasapa na chumba cha habari cha kesho

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliingia katika kampusi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kule Kasapa, wakawashambulia wanafunzi mabwenini. Hazikuwa zimepita hata wiki tatu tangu Rais Mobutu atangaze, tarehe 24 Aprili, mwisho wa utawala wa chama kimoja. Walikufa wangapi? Serikali ya wakati ule ilikubali mtu mmoja. Wengine wakataja makumi, wengine mamia. Ubelgiji ilisitisha ushirikiano wake na Zaire, yaani Kongo ya leo, kwa sababu ya usiku ule, tume ikaundwa, kesi ikasikilizwa, na hadi leo, zaidi ya miaka 35 baadaye, ukiketi na wazee wawili waliosoma hapo utaondoka na hesabu mbili.

Naanza hapo kwa makusudi. Mtu akisikia “chumba cha habari cha kesho” kwa wanafunzi, anaona skrini ukutani, kamera, viti vya kuzunguka, vijana wenye vipokea sauti masikioni. Mimi nikiombwa ushauri huwa nauliza swali moja tu: jambo kama lile likitokea usiku wa leo, kukipambazuka mtakuwa na orodha ya majina ambayo hakuna mkubwa atakayeweza kuifuta? Mambo mengine yote ya ubunifu, kuanzia lugha hadi betri, yanapata maana yake kwenye swali hilo.

Tuanze na neno lenyewe, maana ndani yake mna fundo. Hapa Lubumbashi tunasema redaksio, neno tulilopokea kutoka Kifaransa, na tunalitumia kwa maana mbili bila kuzitenganisha: chumba chenye meza, na watu pamoja na utaratibu wao wa kufanya kazi. Mfadhili anapokuja kuuliza mnahitaji nini, tunamjibu kwa maana ya kwanza. Kompyuta kumi, kamera mbili, mikrofoni, kiyoyozi. Vitu vinaletwa, picha zinapigwa, na mwaka wa pili kazi imesimama kwa sababu hakuna aliyeamua nani anapokea wazo la habari na nani anasema “tuitoe”. Nimewahi kusimama nje ya chumba cha namna hiyo na wanafunzi sita, habari tunayo mkononi, mwenye ufunguo yuko Kolwezi, mji mwingine.

Wenye magazeti makubwa nao walipita kwenye fundo hilohilo. Mwaka 2006 gazeti la Daily Telegraph la London lilihamia jengo jipya na kupanga meza zake kama gurudumu: wahariri wakuu katikati, idara zikitawanyika kutoka hapo kama njiti za baiskeli. Wageni walikwenda kulitazama gurudumu, lakini siri ilikuwa kwenye mazungumzo ya pale katikati. Kabla yake, gazeti la karatasi na tovuti vilikuwa nyumba mbili zisizosalimiana. Sasa swali la kwanza likawa: tuna habari gani? Kisha ndipo likaja swali la pili, iende kwa karatasi, sauti, picha au maandishi ya simu. Halafu mwaka 2020 korona ikawaondoa watu vyumbani duniani kote, na magazeti yakaendelea kuchapishwa kutoka jikoni na sebuleni mwa waandishi. Viti viliondoka, redaksio ikabaki. Kilichobaki ni mfululizo wa maamuzi: nani anapendekeza, nani anakusanya, nani anahakiki, nani anaruhusu, nani anasahihisha tukikosea, nani anatunza. Hayo maswali sita mwanafunzi anaweza kuyajibu kwenye karatasi moja leo jioni, bila senti ya mfadhili.

Kuna mfano wa zamani zaidi ninaoupenda kuliko lile gurudumu. Mwaka 1908, Chuo Kikuu cha Missouri huko Marekani kilifungua shule ya uandishi wa habari chini ya Walter Williams, na tarehe 14 Septemba, siku ya kwanza kabisa ya masomo, wanafunzi walitoa gazeti. Hawakungoja wafuzu. Na gazeti hilo halikuwa la kampusi kujisomea lenyewe, lilikuwa la kuhudumia mji waliomo. Naona hilo ndilo tunalokosa. Makundi mengi ya wanafunzi wanaojiita waandishi hapa kwetu huandika juu ya sherehe ya kutoa diploma, ziara ya waziri na mpira wa vitivo. Na huku nje ya ukuta kuna mji wenye komini saba, Lubumbashi, Kampemba, Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi na Annexe, ambamo mama anaamka saa tisa usiku kwenda kungoja maji. Mpe kila mwanafunzi komini moja au jambo moja, maji, umeme, karo, usafiri, migodi, akae nalo mwaka mzima. Baada ya miezi mitatu atajua jina la fundi wa pampu na siku ambayo lori la mchanga hupita. Ujuzi huo hauna mashine.

Sasa lugha, na hapa nitakaa.

Habari za mji huu hukusanywa kwa Kiswahili chetu, huandikwa kwa Kifaransa, kisha mtangazaji huzirudisha kwenye Kiswahili bora ili redio isikike safi. Tafsiri mbili ndani ya siku moja, na kila mara kitu kinadondoka njiani. Chukua mama wa soko la Kenya anayemwambia mwanafunzi: “Maji inatokaka usiku tu.” Ile -ka ya mwisho kila mtoto wa Lubumbashi anaielewa: ndivyo ilivyo siku zote, ni desturi, ni kilio cha miezi. Mwanafunzi anaandika kwa Kifaransa kwamba maji yanatoka usiku. Mtangazaji anarudisha: “Maji yalitoka usiku.” Kilio cha miezi kimekuwa tukio la jana. Mkubwa anayehusika atajibu kwamba jana kulikuwa na hitilafu ndogo na imetengenezwa, naye atakuwa amejibu vizuri kabisa yale aliyosomewa. Hakuna aliyedanganya. Utaratibu ndio uliodanganya.

Ndiyo maana katika redaksio ninayoitaka, sauti ya mtu hutunzwa kama alivyosema, nukuu huandikwa kwa maneno yake mwenyewe hata kama yana -ka na “batoto” na “mu nyumba”, na rasimu ya kwanza huandikwa kwa Kiswahili. Kifaransa kije baadaye, kwa ajili ya ofisi na kwa ajili ya mwalimu. Wapo walimu watakaosema hiyo ni kushusha kiwango. Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa hapa Kongo, inatangaza habari nzito kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo tangu Februari 2002, na hakuna aliyeona uzito ukipungua. Na mji wenyewe una kumbukumbu yake: gazeti la walowezi, L’Étoile du Congo, lilianza mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya Élisabethville kuanzishwa, lakini mwaka 1934 likaja Ngonga, lililoelekezwa kwa wasomaji Waafrika, na watu wakaliandikia barua. Ngonga, yaani kengele. Hamu ya kusoma mambo yetu haikuletwa na simu.

Lugha ina kazi nyingine ngumu zaidi: kubeba sayansi bila kuimwaga. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji. Walilinganisha watoto waliozaliwa Lubumbashi na kasoro za mwili zinazoonekana na watoto waliozaliwa bila kasoro, wakakuta kwamba kasoro hizo ziliambatana na baba kuwa na kazi ya madini. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika “Migodi inazaa walemavu”. Sentensi hiyo inauza, na ni ya uongo, tena inamwumiza mama aliye na mtoto wa namna hiyo mgongoni. Kiswahili kinatupa maneno mawili tofauti na tuyatumie kwa uangalifu: kuambatana na kusababisha. Vitu viwili vikiambatana, vinaonekana pamoja mara nyingi kuliko bahati ingeruhusu. Kimoja kikisababisha kingine, tumeona njia kinavyopita. Utafiti ule ulionyesha la kwanza na kutoa sababu nzuri ya kutafuta la pili. Redaksio ya wanafunzi inaweza kueleza hivyo katika dakika tano za redio, kwa lugha ambayo mchimbaji wa Ruashi ataielewa, na baadhi ya waliofanya utafiti huo wanaishi mji huu huu. Gazeti gani la Ulaya lina bahati hiyo? Lakini inabidi mtu awe na daftari la maneno, lililokubaliwa na wote, linalosema neno fulani la kitaalamu tunalitamka hivi na kulieleza hivi, ili kila mwaka wapya wasianze kubuni upya.

Kuhusu umeme nitakuwa mfupi kwa maneno, mrefu kwa hesabu. Katanga, eneo letu, ina mabwawa ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, na tangu mwanzo wa miaka ya 1980 kuna waya unaoleta umeme kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, mwendo wa kilomita 1700 hivi. Migodi hutumia sehemu kubwa, na nyumba zinabaki kwenye delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu. Kwa hiyo mbunifu mwenye akili anachukulia kwamba umeme haupo, kisha ukija anashukuru. Paneli ndogo ya jua ya wati 100, ikipata jua zuri la saa tano kwa siku, hutoa kama wati-saa 500. Ondoa upotevu wa betri na nyaya, zinabaki 350 hivi. Simu ya kawaida hujaa kwa wati-saa 18 hivi. Basi paneli moja juu ya bati inajaza simu kumi na tisa kwa siku, au inaendesha kompyuta ndogo ya wati 50 kwa saa saba. Redaksio ya watu kumi na wawili imepata nguvu zake, na bei yake ni ndogo kuliko ya ile kamera kubwa ambayo betri yake ya akiba haipatikani mjini.

Hesabu ya mega nayo inatufundisha kitu. Dakika tano za sauti, ukizibana kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ni megabaiti 1.2. Dakika moja tu ya video safi ya simu hufika megabaiti 60 na kupita. Kwa forfe, yaani kifurushi cha intaneti, ambayo mwanafunzi anajinunulia mwenyewe, chombo cha kesho kwetu ni sauti, na video ni ya siku maalum. Sisemi hivyo kwa kujifariji. Sauti husikika gizani, husikika na asiyesoma, hutumwa kwa WhatsApp kutoka shangazi hadi shangazi, na redio ya mtaa inaweza kuichukua ilivyo na kuirusha hewani.

Lakini njia hiyo hiyo ya shangazi hadi shangazi ndiyo njia ya uvumi. Kongo nzima inaijua radio trottoir, ile redio isiyo na mnara. Zamani ilitembea kwa miguu, leo inapanda simu. Ndiyo maana ninataka kiti kimoja kisichoguswa katika redaksio: kiti cha mhakiki. Sheria yake ya kwanza ni kwamba aliyeleta habari hawezi kuwa ndiye anayeihakiki, hata awe mwanafunzi bora wa mwaka wa tatu. Sheria ya pili: vyanzo viwili havihesabiwi viwili kama vimechota kisima kimoja. Watu kumi waliosikia ujumbe ule ule wa sauti ni chanzo kimoja chenye masikio kumi. Picha ikija, mhakiki anauliza nani alisimama wapi akaipiga, anatazama vibao vya maduka, majani ya miti, kivuli kimeangukia upande gani, anaitafuta kwenye intaneti kama ilishawahi kutumika kwingine. Congo Check, iliyoanzishwa mwaka 2018 na waandishi Wakongomani, inafanya kazi hiyo kila siku, na hakuna kitu ndani yake ambacho mwanafunzi mwenye simu hawezi kukijifunza kwa muhula mmoja.

Anayedhani uhakiki unahitaji ukubwa, asikie habari ya Pittsburg, mji mdogo wa jimbo la Kansas. Mwaka 2017 wanafunzi wa sekondari, wa sekondari nasema, walikuwa wanaandaa makala ya kawaida ya kumkaribisha mkuu mpya wa shule yao. Wakaanza kuuliza juu ya chuo kilichompa shahada. Majibu hayakukaa sawa, wakapiga simu, wakauliza tena, wakachapisha walichokiona. Mkuu huyo akajiuzulu kabla hajaanza kazi. Walikuwa na mwalimu aliyewaacha waulize. Hicho ndicho kifaa adimu kuliko vyote katika hadithi ile.

Na hapo ndipo penye mfupa kwetu. Nani ana haki ya kuzuia habari inayokihusu chuo chenyewe? Kama jibu halijaandikwa, jibu ni mkubwa yeyote atakayepiga simu kwanza. Napendekeza mkataba wa ukurasa mmoja, uliotiwa sahihi kabla ya habari ya kwanza kutoka: mwalimu anashauri na kufundisha, anaweza kuonya kwamba sentensi fulani ni kosa kisheria, lakini uamuzi wa mwisho ni wa mhariri mwanafunzi aliyechaguliwa na wenzake, uongozi wa chuo hausomi kabla, una haki ya kujibu baada, na jibu lake litatoka mahali pale pale kwa ukubwa ule ule. Najua kwamba katika mila zetu kumnyima mkubwa nafasi ya kusoma kwanza kunaonekana utovu wa adabu. Adabu ipo: ni kumpigia simu kabla ya kutoa habari, kumsomea madai yote yanayomhusu, na kungoja jibu lake kwa subira.

Niseme juu ya akili bandia, maana kila kijana ananiuliza. Programu hizi huandika sentensi inayofanana na kweli. Kama ni kweli au la, hilo si jambo zinalolipima. Mwanzoni mwa 2023 ilijulikana kwamba tovuti ya CNET ya Marekani ilikuwa imetoa makala 77 zilizoandikwa kwa mashine, na zaidi ya nusu zikahitaji masahihisho. Hiyo ni kwa Kiingereza, lugha ambayo mashine imelishwa hadi ikashiba. Siku moja niliipa programu ya kunakili sauti maneno ya mama mmoja wa Katuba aliyesema “batoto banakohola tangu juzi”, ikaniandikia sentensi safi isiyo na watoto wala kikohozi. Mashine ilijifunza Kiswahili cha vitabuni, haikujifunza chetu. Basi naitumia kwa mambo ambayo tayari yako hadharani: kufupisha ripoti ndefu ya Kifaransa ili nijue ukurasa wa kusoma mwenyewe, kupanga jedwali, kupendekeza vichwa vya habari. Sauti ya chanzo cha siri haipiti humo kamwe, kwa kuwa hujui inaishia kwenye kompyuta ya nani. Na kazi nzuri zaidi kwa wanafunzi wetu iko upande wa pili: kurekodi na kunakili Kiswahili cha Lubumbashi kwa idhini ya wasemaji, kama vile watafiti wa mtandao wa Masakhane wanavyofanya kwa lugha nyingi za Afrika, ili kesho mashine isikie watoto wanaokohoa.

Sheria sasa. Tarehe 13 Machi 2023 zilitiwa sahihi sheria mbili kwa siku moja: ile ya nambari 23/009 juu ya uhuru wa habari, iliyochukua nafasi ya sheria ya 22 Juni 1996, na ile ya 23/010, yaani kanuni za mambo ya kidijitali. Ya pili, katika kifungu cha 360, inamwadhibu kwa kifungo cha hadi miezi sita mtu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo juu ya mtu kupitia mitandao. Soma tena neno “kusambaza”. Mwanafunzi aliyesukuma mbele ujumbe bila kuuandika yumo pia. Stanis Bujakera, mwandishi wa kazi mwenye kadi na jina, alikamatwa Septemba 2023, simu zake zikachukuliwa na kupekuliwa, akatoka gerezani Machi 2024. Mwanafunzi hana kadi ya UNPC, ule muungano wa waandishi wa habari wa Kongo, wala wakili wa gazeti. Kwa hiyo redaksio ya wanafunzi isitoke hewani peke yake: ifunge ndoa na redio au tovuti iliyosajiliwa, yenye mkurugenzi wa uchapishaji anayebeba jukumu kisheria, na habari nzito zipite huko. Jina la chanzo cha siri lisikae kwenye simu kabisa. Likae kwenye karatasi moja, mahali pamoja, panapojulikana na watu wawili. Na namba ya Journaliste en danger, shirika linalowatetea waandishi tangu 1998, iwe imeandikwa ukutani na ndani ya kila daftari.

Wasiodhani hayo ni mazito wawakumbuke Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waandishi wa Radio Okapi waliouawa Bukavu kwa risasi, wa kwanza Juni 2007, wa pili Novemba 2008. Tangu waasi wa M23 wachukue Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, wanafunzi wenzetu wa huko wamelazimika kujiuliza kila jioni ni faili gani libaki kwenye simu. Sisi huku bado tuna nafasi ya kujipanga mchana.

Pesa nitaigusa kidogo tu, kwa sababu dawa yake ni fupi. Kila mtu anaijua “coupage”, ile bahasha anayopewa mwandishi akimaliza mkutano na waandishi. Kijana aliyekuja kwa miguu kutoka Katuba na hajala tangu asubuhi, ukimhubiria maadili bila kumpa nauli unamwonea. Kwa hiyo nauli itoke kwenye sanduku la redaksio, hata ikiwa ndogo, na daftari la sanduku hilo liwe wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma. Bahasha ikija, irudishwe mbele ya shahidi.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni kusahau. Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari) mwanafunzi yupo nasi miaka mitatu hadi apate lisansi. Mwaka wa kwanza anajifunza, wa pili anafanya kazi, wa tatu yuko kwenye tasnifu ya mwisho wa masomo, akili imeshahama. Anapoondoka, anaondoka na simu yake, na ndani ya simu mna namba za fundi wa pampu, sauti za mahojiano hamsini, picha za mto ulivyokuwa kabla ya kubadilika rangi. Wanaofuata wanaanza na sifuri. Gazeti la kawaida hupoteza mtu mmoja mmoja. La wanafunzi hupoteza nusu ya ubongo wake kila Oktoba. Kwa hiyo kwangu mtu muhimu kuliko mpiga picha ni mtunzaji. Kazi yake inachosha na haina makofi: kila faili lipewe jina kwa mpangilio mmoja, mwaka, mwezi, siku, mahali, jambo, herufi za aliyerekodi, nakala tatu za kila kitu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya mji. Mwezi mmoja kabla ya kuhitimu, anayeondoka anatembea na anayebaki, nyumba kwa nyumba, akimtambulisha kwa watu wake: “Mama, huyu ndiye mdogo wangu, kuanzia sasa umwambie yeye.” Namba ya simu hurithiwa kwa dakika, imani ya mama yule hurithiwa kwa kusalimiana.

Laiti mwaka 1990 kungekuwa na mtunzaji mmoja Kasapa. Hata mwenye penseli.

Mwaka huu, usiku mmoja wa Mei, kikundi ninachokisaidia kilifanya zoezi. Tulibandika karatasi 31 zenye majina ya kubuni kwenye milango na miti ya eneo moja, tukazima taa, tukazima data za simu zote, tukawapa vijana tisa madaftari na muda hadi alfajiri. Walijigawa watatu watatu. Saa kumi na moja kundi la kwanza lilirudi na majina 27, la pili 31, la tatu 33. Lile la 31 lilifurahi mapema, kwa maana walipolinganisha jina kwa jina walikuta limekosa mawili na kuhesabu mengine mawili mara mbili, Kasongo mmoja akiwa ameandikwa kwa s moja na tena kwa s mbili. Binti wa mwaka wa kwanza ndiye aliyependekeza safu tatu: niliona mwenyewe, nimeambiwa na fulani, bado hatujui. Walikwenda tena kwenye milango waliyobishania, wawili wawili, tochi moja. Kukipambazuka walikuwa na majina 31, mawili kati yake yakiwa bado kwenye safu ya tatu, kwa sababu hakuna aliyekubali kuyahamisha kabla ya kuona. Wawili walitia sahihi chini ya orodha. Mtandao ulipowashwa saa moja na robo picha yake ilitumwa, na nakala ya mkono ikakunjwa, ikatiwa katika bahasha, ikapanda basi la asubuhi la kwenda Likasi.